Fizi za mzee: kusafisha, kupasua au kung'oa?

Mama yangu alipofikisha miaka 68, jino lake moja la mbele, safu ya chini, lilianza kucheza. Hakulalamika. Aliuhamishia muhogo upande wa pili wa mdomo, baadaye akauacha muhogo wenyewe, yakafuata mahindi ya kuchoma, hadi siku dada alipomkuta nyumbani Tanga akichovya andazi kwenye chai mpaka lilainike kabisa ndipo alile. "Meno ni ya vijana, mwanangu," alimwambia. Tukafanya kikao cha familia kwa simu. Dada alitaka asafishwe. Kaka, ambaye husoma sana mtandaoni, alitaka apasuliwe fizi na kupandikizwa mfupa. Mimi, nakiri, nilikuwa upande wa kung'oa yote yaliyolegea na kumtengenezea meno bandia tumalize. Tulibishana saa nzima bila hata mmoja wetu kujua ugonjwa umeingia milimita ngapi.

Kosa letu lilikuwa hapo. Uamuzi huu hauendi kwa mwaka wa kuzaliwa. Unakwenda kwa vitu vitatu: kina cha mifuko ya fizi (nafasi iliyopo kati ya fizi na jino), dawa ambazo mzee anakunywa kila siku, na nguvu za mikono yake kushika mswaki.

Umri unahusika vipi

Ugonjwa wa fizi huanzishwa na utando, yale matope laini ya bakteria ambayo ulimi huyagusa asubuhi kabla hujapiga mswaki. Usipoondolewa, utando hunywa madini ya mate na kuwa ugaga, ambao wengine huuita ukoga, mgumu kama chokaa ya ndani ya birika. Fizi huvimba na kutoa damu. Hatua hii hurudi nyuma. Mwaka 1965 watafiti wa Denmark waliwaachisha mswaki watu 12 wenye fizi nzima. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba, na waliporudia kusafisha zikapona. Hatua ya pili ndiyo mbaya: fizi inabanduka kwenye jino, panatokea mfuko, na mfupa unaoshikilia jino unaliwa taratibu, mara nyingi bila maumivu. Mfupa ulioliwa hauoti tena wenyewe.

Uzee unaingia kwanza kama limbikizo. Mfupa uliopotea kidogo ukiwa na miaka 40 na kidogo tena ukiwa na 50 unaonekana wote kwa pamoja ukifika 65, jino linapoanza kucheza, na lawama anabebeshwa uzee. Nchini Marekani, uchunguzi wa kitaifa wa 2009 hadi 2014 ulikuta ugonjwa huu kwa asilimia 42 ya watu wa miaka 30 na kuendelea waliokuwa bado na meno, na kwa waliofika 65 ilikuwa karibu asilimia 60.

Mwili nao hubadilika. Chembe nyeupe za damu za mzee hazilengi vizuri kama zamani, vidonda vinachelewa kufunga, na wazee walioshiriki majaribio ya kuacha mswaki walivimba fizi mapema kuliko vijana. Ila walipopiga mswaki tena, walipona pia.

Halafu kuna dawa. Vidonge vya presha vya kundi la nifedipini na amlodipini vinaweza kufanya fizi zitutumke na kufunika meno, hasa kama utando umejaa. Dawa nyingine za presha, za mzio na za sonona hukausha mate, na mdomo mkavu haujisafishi. Usimwachishe mzee dawa kwa kusoma sentensi hii. Ni daktari aliyemwandikia ndiye anayeweza kumbadilishia. Kisukari kina njia mbili: sukari ikiwa juu fizi huharibika upesi, na fizi zikiwa na usaha sukari inagoma kushuka. Kutibu fizi za mwenye kisukari hushusha kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kwa takriban 0.4 ya asilimia, kiasi ambacho hakidharauliki.

Pwani tuna jambo letu jingine, tambuu. Mate mekundu ya tambuu huficha damu ya fizi, kwa hiyo bibi anayetafuna kila siku anaweza kuumwa miaka mingi bila kuona dalili. Sigara hufanya hila nyingine: hubana mishipa ya fizi zisitoke damu, na mtu hudhani yuko salama.

Hata hivyo sikubali kwamba uzee ni hukumu. Kuanzia 1970 hadi 1985 watafiti waliwafuatilia vibarua 480 wa mashamba ya chai Sri Lanka, wanaume ambao hawakuwa na mswaki wala daktari wa meno. Midomo yao yote ilijaa ugaga. Pamoja na hayo, asilimia 8 waliharibikiwa kwa kasi, asilimia 81 kwa mwendo wa wastani, na asilimia 11 hawakuvuka hatua ya fizi kuvimba. Miaka ileile, uchafu uleule, vinywa tofauti. Ndiyo maana kipimo hutangulia.

Kipimo chenyewe ni kijiti chembamba chenye alama za milimita, kinachopitishwa kati ya fizi na jino, sehemu sita kwa kila jino. Mfuko wa milimita 1 hadi 3 ni wa kawaida. Kuanzia 4 pana shaka, na 6 kwenda juu ni kirefu. Pamoja na hicho, picha ya eksirei huonyesha mfupa uliobaki. Kliniki inayokuambia "tung'oe" au "tupasue" kabla ya haya mawili haijachunguza bado.

Kusafisha kwa kawaida na kusafisha kwa kina

Majina yanachanganya, na bei pia. Kusafisha kwa kawaida ni kuondoa ugaga unaoonekana juu ya fizi, kwa mashine inayotetemeka na kumwaga maji. Mara nyingi hakuhitaji ganzi na humalizika kwa kikao kimoja. Kunamfaa mzee ambaye fizi zinatoka damu lakini mifuko haijazidi milimita 3. Kwa mwenye mifuko mirefu ni sawa na kufagia uani huku takataka ziko uvunguni.

Kusafisha kwa kina hushuka chini ya fizi, hadi kwenye mzizi. Ganzi huchomwa, na kazi hugawanywa, robo au nusu ya kinywa kwa siku moja. Pia inawezekana kumaliza kinywa chote ndani ya saa 24. Matokeo hayatofautiani sana, ila kwa mzee mwenye moyo dhaifu au anayechoka kukaa ameachama, mimi ningechagua vikao vifupi. Baada ya hapo hungoja: fizi hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi miezi 3. Kazi ikifanywa vizuri, takriban robo tatu ya mifuko iliyokuwa mirefu hujifunga ndani ya nusu mwaka hivi. Hakuna dawa ya kunywa inayokaribia matokeo hayo.

Kuna malalamiko nayasikia kila mara, na mama aliyarudia neno kwa neno: "Wakisafisha, meno yanalegea." Aliyesema hivyo hakudanganya, alichokosea ni sababu. Ugaga mwingi hushikamanisha meno ya chini kama saruji. Ukitolewa, jino ambalo mfupa wake ulikwisha siku nyingi hubaki peke yake, na linacheza. Uvimbe ukishuka, fizi hunywea, meno huonekana marefu, nafasi hutokea katikati, na chai ya moto au maji ya friji huyashtua. Daktari asiyemwambia mzee haya mapema humpoteza; harudi tena. Ukali wa baridi hupungua baada ya wiki chache, na dawa ya meno yenye floridi husaidia, maana mizizi iliyoachwa wazi huoza kirahisi kuliko sehemu ya juu ya jino.

Vidonge, maji ya kusukutua na dawa za nyumbani

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu njia hii hutumika zaidi ya inavyostahili. Antibayotiki za duka la dawa, kama metronidazoli na amoksilini, hupunguza usaha na maumivu kwa siku kadhaa, lakini haziwezi kubandua utando ulioshikamana chini ya ugaga. Zina kazi pale jipu linapoambatana na homa, au daktari anapoziongeza juu ya kusafisha kwa kina kwa ugonjwa wenye kasi. Metronidazoli inagongana vibaya na warfarini ya kuzuia damu kuganda, jambo ambalo muuza duka hatakuuliza.

Maji ya kusukutua yenye klorheksidini, dawa ya kuua bakteria, ni mazuri kwa wiki mbili baada ya matibabu, au kwa mzee asiyeweza kushika mswaki kwa muda. Yakizidi huacha madoa ya kahawia na kuharibu ladha ya chakula. Maji ya chumvi hutuliza, hayadhuru, hayaondoi ugaga. Karafuu hufisha ganzi jino linalouma, na hapo ndipo hatari yake: maumivu yanakwisha, ugonjwa unaendelea. Mkaa wa kusaga sipendi kabisa kwa mzee, unakwangua mizizi.

Mswaki wa mti je? Hauna ubaya. Ukitafunwa ncha ikawa laini na kutumika kila siku, unaondoa utando vizuri. Shida yake ni upande wa ndani na magego ya nyuma, ambako haufiki, na wenye kusugua kwa nguvu hushusha fizi.

Kupasua, au kurudia kusafisha

Upasuaji wa fizi haupaswi kuwa hatua ya kwanza. Hufikiriwa pale ambapo, baada ya kusafisha kwa kina na kupima tena, bado kuna mifuko ya milimita 6 au zaidi. Fizi hufunuliwa, daktari anaona mzizi kwa macho, anasafisha, anashona. Mahali ambapo mfupa umeliwa kwa umbo la shimo, anaweza kuweka mfupa wa kupandikiza au kingozi chembamba maalumu ili kiasi fulani kiote tena. Huduma hii ni ya madaktari bingwa wa fizi, kwa hiyo tegemea safari ya mji mkubwa na gharama ya juu.

Umri peke yake haumzuii mtu kupasuliwa. Mzee wa miaka 75 mwenye afya hupona vizuri, ila kwa mwendo wa polepole. Vinavyozuia ni sukari isiyodhibitiwa, sigara, na mikono isiyoweza kutunza kilichofanywa.

Upande wa pili wa mizani ni kurudi kila baada ya miezi 3 kusafishwa mifuko iliyobaki. Haiponyi yote, lakini hupunguza mwendo wa ugonjwa. Hapa maoni yangu yako wazi: kwa mtu wa miaka 55 mwenye mashimo mawili matatu ya mfupa, kupasua kuna maana, ana miaka mingi ya kutafuna. Kwa bibi wa miaka 80 mwenye mifuko minne mirefu isiyomsumbua, ningetumia pesa kwa nauli ya kliniki kila miezi 3. Kaka yangu hakupenda jibu hili.

Kung'oa na meno bandia

Ndilo chaguo linalopendwa na watoto walio mbali, kwa sababu linaonekana kama mwisho wa shughuli. Nililipenda mimi.

Kuna meno ya kung'oa, na kuyang'ang'ania ni kumtesa mtu: lile linalocheza juu na chini unapolibonyeza, lililobakiza mfupa kidogo kwenye ncha ya mzizi, linalotoa majipu mara kwa mara, au linalomzuia kula. Jino linalocheza kidogo kwenda mbele na nyuma ni habari nyingine. Likisafishwa hukaza kiasi, na linaweza kufungwa pamoja na jirani zake kwa waya na risini (gundi ngumu ya meno) likadumu miaka.

Kinachosahaulika ni maisha baada ya kung'oa. Mfupa wa taya usio na meno huendelea kunywea mwaka baada ya mwaka, hivyo meno bandia yaliyokaa vizuri leo yatalegea baadaye na kuhitaji kurekebishwa. Ya taya la chini ndiyo yanayosumbua zaidi kwa sababu ulimi huyasukuma. Nguvu ya kutafuna hupungua sana. Nyama ya kuchoma, miwa na karanga huwa kumbukumbu. Hutolewa usiku, husuguliwa kila siku, na yakivaliwa siku zote bila kutolewa huleta fangasi kwenye kaakaa. Yale ya meno machache hushikiliwa na meno yaliyobaki, nayo yakiwa na fizi mbovu yatafuata njia ileile.

Vipandikizi vya skrubu, yaani meno bandia yanayofungwa ndani ya mfupa wa taya, hukaza kuliko yote, lakini si dawa ya kukimbia ugonjwa wa fizi. Utando hushambulia mfupa unaozunguka skrubu pia, na aliyepoteza meno kwa fizi yuko hatarini zaidi. Anayekuuzia kipandikizi wakati fizi za jirani zinatoka usaha anakuuzia hasara.

Upande wa kubakiza una mfano wa Japani. Mwaka 1989 walianza kampeni ya 8020, kufika miaka 80 ukiwa na meno 20 yako mwenyewe, kwa kuwa meno 20 hutosha kutafuna karibu kila chakula. Wakati ule walioweza walikuwa wachache mno. Uchunguzi wa 2016 ulikuta zaidi ya nusu ya wazee wa umri huo wamefika. Watu walizeeka vilevile. Walichobadilisha ni matunzo.

Tena kuna mzee ambaye kung'oa ni hatari yenyewe. Wanaotumia dawa za kuimarisha mifupa kama alendroneti, na zaidi wanaochomwa sindano za kundi hilo kwa ajili ya saratani, wanaweza kubaki na mfupa wa taya usiopona baada ya kung'olewa. Kwao mizani hulalia upande wa kubakiza, na kama dawa haijaanza, ni vizuri kinywa kitengenezwe kwanza. Anayetumia aspirini au warfarini hazuiwi kusafishwa wala kung'olewa, ila daktari wa meno ajue mapema, na dawa isiachwe kienyeji. Mwenye vali ya moyo ya bandia huhitaji antibayotiki kabla ya kazi yenyewe.

Nani achague nini

Fizi zinatoka damu, mifuko mifupi: kusafisha kwa kawaida na mswaki laini, basi. Mifuko ya 4 kwenda juu, mikono inafanya kazi: kusafisha kwa kina, kisha kupima tena kabla ya kuongea lolote jingine. Mwenye kisukari aanze hapohapo, huku sukari ikishughulikiwa sambamba.

Mzee aliyepooza au aliyeanza kusahau ni mtihani tofauti. Matibabu ya gharama kubwa yatabomoka ndani ya miezi kama hakuna wa kumsafisha. Kwake swali la kwanza ni nani atakayeshika mswaki kila jioni. Simama nyuma yake, kichwa chake kiegemee kwako, ufungue shavu kwa kidole. Kwa mikono yenye baridi yabisi, nenepesha mpini wa mswaki kwa kitambaa au mpira wa mshikio wa baiskeli. Nafasi zilizo wazi kati ya meno husafishwa vizuri zaidi na vibrashi vidogo vya kupenyeza kuliko uzi.

Usisubiri ulinganisho wowote ukiona kidonda mdomoni kisichopona kwa wiki 3, doa jeupe au jekundu lisilofutika, au jino lililolegea ghafla bila sababu, hasa kwa mtafuna tambuu, mvuta ugoro au mvuta sigara. Hayo yanaweza kuwa saratani.

Kuhusu malipo: kwa sera ya Tanzania, mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anastahili msamaha katika vituo vya serikali, na hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Uliza kabla ya kikao kama msamaha unafika kwenye ganzi, eksirei na meno bandia au unaishia kwenye kumwona daktari. Kwa kliniki binafsi, dai bei ya kila robo ya kinywa na bei ya kupima tena, iandikwe.

Mama alipimwa hatimaye. Kliniki ya kwanza ilimtazama mdomo kwa dakika moja na kumpangia kung'oa meno manane. Ya pili ilitumia kijiti na eksirei, ikakuta mawili tu hayana mfupa. Yakang'olewa. Mengine yalisafishwa kwa kina katika vikao vinne, na daktari, kijana wa umri wa mjukuu wake, alimwamkia kila mara kabla ya kumwomba aachame. Vidonge vyake vya presha vilibadilishwa na daktari wake baada ya barua kutoka kliniki. Kwa pengo la mbele ana meno bandia mawili ya kuchomeka, ambayo huyavaa harusini na huyavua akirudi nyumbani. Muhogo amerudia. Mahindi ya kuchoma bado tunampukuchulia.